Kuhama kwa Mikono ya Mkunga

Asubuhi ile mikono ya Mama Tusekile ilitakiwa ilale juu ya mto, itulie kama watoto walioambiwa wageni wanakuja, mpaka kazi ya kuihamisha iishe. Mwenyewe alikuwa amekubali. Alishaahirisha mara tatu, kila mara kwa sababu ya mtoto fulani aliyeona kwamba siku hiyo hiyo ndiyo siku ya kuja duniani, na safari hii aliapa mbele ya fundi Gwakisa kwamba hakuna atakayemwinua kitini.

"Shikamoo, mama," Gwakisa alisema, akikung'uta mwavuli kwenye mlango wa zahanati ya Isumba.

"Marahaba, baba. Pita ndani, mvua ya huku haina adabu. Mikono yenyewe hii hapa. Imenawa, imepakwa mafuta, iko tayari kwa safari."

Aliinyoosha mbele. Ilikuwa mikono ya rangi ya kahawia iliyokoza, laini kama mpira wa ndani wa baiskeli, na kwenye vifundo ilikuwa imeanza kung'aa kwa kutumika. Ile aliyozaliwa nayo ilichukuliwa na mtambo wa kusagia chai alipokuwa msichana. Alipovishwa hii hakujua hata kufunga kifungo cha gauni. Ukunga aliusomea akiwa nayo, na mikono nayo ikausoma pamoja naye, ikajua tofauti kati ya goti la mtoto na kiwiko chake, kati ya tumbo linalobana kwa uchungu na tumbo linalobana kwa woga.

Ila kilichojifunza hasa hakikuwa ndani ya vidole. Vidole vilikuwa vifaa tu. Akili yake ilikaa mbali, ndani ya mlima, katika Jumba la Chini, ambako mvuke wa ardhini ulizungusha mitambo iliyolisha maelfu ya kompyuta. Humo akili ya mikono ilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, iliyopanga ndani ya kompyuta kubwa kama mpangaji apangavyo chumba. Miguu ya bandia ya watu wa wilaya nzima, macho yao, masikio yao, vyote vilipanga humo. Sasa kisima cha mvuke kilikuwa kinakata roho, na wapangaji wote walikuwa wamehamishiwa Jumba la Juu, upande wa pili wa mlima. Aliyebaki alikuwa mmoja.

Gwakisa ndiye aliyetumwa kumhamisha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuimba puani akiwa kazini, na kazi yenyewe aliipenda. Aliketi, akaegemeza kishikwambi chake kwenye mkebe wa pamba, akaanza raundi ya kwanza. Alama ya kijani ikaanza kutambaa kwenye kioo.

"Hivi mnaihamishaje?" Mama Tusekile aliuliza. "Mnaizima?"

"Hatuizimi, mama. Ni kama kuhamisha nyumba huku wenyewe wanaendelea kuishi ndani. Mara ya kwanza tunabeba kila kitu. Lakini wakati tunabeba, ninyi mnaendelea kupika, mnachafua sufuria, mnasogeza kiti. Kwa hiyo kila kinachoguswa, mikono inatupa taarifa: hiki kimebadilika. Tunarudi kubeba vilivyobadilika tu. Tukirudi tena vinakuwa vichache zaidi. Mwishowe vinabaki vijiko viwili vitatu. Hapo ndipo tunasema, wote simameni. Tunabeba vijiko, na mnaamkia nyumba mpya. Ni kufumba na kufumbua."

"Na kama wapishi hawaachi kupika?"

"Ndiyo maana nimekuja na mto."

Mama Tusekile alicheka mpaka mabega yakatikisika. Mikono ilibaki imetulia juu ya mto. Huko nje mvua ilipiga bati, na Gwakisa akaanza kuimba puani.

Haukupita muda wakasikia mtu anakimbia matopeni.

*

Aliyeingia alikuwa kijana mmoja aitwaye Ipyana, amelowa chapachapa, amemshika mkewe kiunoni. Mke, Atuganile, alitembea kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja chini ya tumbo, uso umekaza. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Tulikuwa tunakwenda hospitali," Ipyana alisema akihema. "Mlima umeporomoka, barabara imefunikwa. Pikipiki tumeiacha huko huko."

"Na nesi wangu yuko ng'ambo hiyo hiyo, alifuata dawa," Mama Tusekile alisema. Alikuwa amekwishasimama. Gwakisa hakuona ameinuka saa ngapi.

"Mama, mto..."

"Mto hauna uchungu, baba. Mleteni kitandani. Wewe Ipyana, kakae barazani. Na wewe mwanangu wa mtandao, kaa upande huo wa pazia, na usichungulie."

Pazia la bluu likavutwa. Gwakisa akabaki na kishikwambi chake, akiwasikiliza watu asiowaona. Alisikia shuka likitandikwa, maji yakimiminwa, sauti ya Mama Tusekile ikishuka na kuwa ya chini kabisa, ya kubembeleza. Halafu alama ya kijani, iliyokuwa imekaribia mwisho wa kioo, ikaanza kurudi nyuma.

Alijua maana yake. Vidole vilikuwa tumboni kwa Atuganile, vinatafuta, na ngozi ya vidole hivyo ilikuwa inapeleka taarifa za joto, ulaini, ugumu, jasho na msukumo kwa wingi usiopimika. Kila kilichoguswa kilikuwa kinabadilika, na kila kilichobadilika kilitaka kubebwa upya.

"Atuganile, mwanangu," Mama Tusekile alisema nyuma ya pazia, "nitakwambia kama ilivyo. Mtoto amekingama. Kichwa kiko ubavu wako wa kushoto, makalio yako upande wa kulia. Kwa mlango huu hawezi kupita akiwa hivyo."

"Atakufa?" Sauti ya Atuganile ilikuwa nyembamba.

"Sijasema hivyo. Chupa haijapasuka, bado ana maji ya kuogelea. Nitamgeuza kwa nje, taratibu, kichwa kishuke chini. Lakini lazima tufanye sasa. Chupa ikipasuka akiwa amekingama, ndipo tutakapoihitaji ile barabara."

Kipaza sauti kidogo kikawashwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yakajaza chumba, ya haraka haraka, kama mtu anayepiga makofi kwa mbali.

*

"Gwakisa." Sauti ilimjia kwenye kidude cha sikioni. Alikuwa Injinia Ambakisye, mkuu wake, aliyebaki Jumba la Chini kumngoja mpangaji wa mwisho atoke ili azime mitambo. "Mbona mabaki ya kubeba yanapanda? Huyo mama hajatulia?"

Gwakisa alimweleza kwa kunong'ona. Upande wa pili ikasikika sauti ya maji yakichemka mahali fulani.

"Sikiliza, kijana. Maji ya moto yameingia chumba cha chini. Nimewatoa watu wote, nimebaki na fundi mmoja. Mvuke unashuka na siwezi kuushikilia. Hiyo mashine isipohama, itazimika humu humu na mikono itakaza."

Mikono ikikatiwa akili hukaza. Ilitengenezwa hivyo makusudi, ili mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto asikiangushe miguuni. Hushika ilichokuwa imeshika, kwa nguvu ile ile iliyokuwa nayo, na haiachii mpaka iamshwe. Kwenye kikombe huo ulikuwa msaada. Juu ya tumbo la mzazi Gwakisa hakutaka hata kuufikiria.

"Tumwambie aache?"

"Aache mtoto amekingama?" Ambakisye alikuwa na wajukuu, hakuwa na moyo wa jiwe. "Hapana. Ihamishe kwa kuruka."

Kuhama kwa kuruka kulikuwa njia ya watu wenye haraka. Akili inaruka kwanza kwenda nyumba mpya ikiwa mikono mitupu, mizigo inabaki nyumba ya zamani, na kila inapohitaji kitu inatuma kukichukua, kimoja kimoja, kupitia mkongo wa mawasiliano unaovuka mlima. Mtumiaji haoni chochote. Ila mkongo ukikatika katikati, akili inakuwa nusu huku na nusu kule, na hakuna nusu inayoweza kusimama peke yake. Wala hakuna kurudi. Nayo mvua ile ilikuwa imeutikisa mkongo tangu alfajiri.

"Nimwambie kwanza," Gwakisa alisema.

"Usimwambie. Utamtia hofu, na hofu itashuka mikononi. Mimi nilimhamisha fundi cherehani mmoja kwa kuruka, anashona gauni la harusi. Hakujua, na mpaka leo hajui. Gauni likatoka zuri. Kuna ukweli ambao ukimpa mtu katikati ya kazi unakuwa mzigo."

Gwakisa aliijua hadithi hiyo. Alikuwa amesimuliwa alipoanza kazi, na aliipenda, akaisimulia yeye mwenyewe kwa wengine, kwa sababu ilikuwa hadithi ya mtu hodari. Alikuwa bado hajawahi kuwa upande mmoja na yule fundi cherehani.

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Ilitosha kugusa mara moja. Mkongo ukivumilia, mtoto angegeuka, Mama Tusekile angerudi kitini, wangekunywa chai, na asingekuwapo wa kumlaumu. Aliyasikiliza yale mapigo ya mbali. Alijiuliza kama angeweza kunywa chai hiyo. Halafu akajiuliza swali jingine, lililomkaa zaidi: mikono ni ya nani? Si yake. Wala ya Ambakisye. Na tumbo je?

Lakini pia aliogopa kwamba Ambakisye alikuwa sahihi. Hofu hushuka mikononi, hilo alilijua. Kama akisema na mikono ikayumba, lawama ingekuwa yake.

"Injinia," alisema, "nipe kidogo tu."

"Gwakisa!"

Akakitoa kidude sikioni, akakiweka kwenye mkebe wa pamba.

"Mama Tusekile," aliita kupitia pazia. "Samahani. Kuna jambo unatakiwa ulijue kabla hujaanza kusukuma. Na dada naye asikie."

*

Alieleza kwa maneno machache. Jumba linazimika. Ipo njia ya kuruka, na yawezekana isiwe na shida yoyote. Ila ikishindikana, mikono itakaza pale pale ilipo, na haitafunguka leo.

Mapigo ya moyo yaliendelea.

"Nimekuwekea mikono hewani," Mama Tusekile alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ngumu kidogo. "Haijagusa kitu. Sasa nijibu. Njia nyingine hakuna?"

"Ile ya kawaida, mama. Lakini mabaki hayapungui. Vidole vyako vinabadilika upesi kuliko mkongo unavyobeba."

"Kinachobadilika zaidi ni nini? Misuli?"

"Misuli si kitu, mama. Ni ngozi. Kusikia kwake."

"Basi zima ngozi."

Gwakisa alidhani hakumsikia vizuri. "Utasukuma bila kuhisi? Mikono hiyo ina nguvu mara mbili ya..."

"Najua nguvu yake, nimeishi nayo." Alipozungumza tena ugumu ulikuwa umeondoka, akabaki mtu anayewaza kwa sauti. "Ningekuwa na nesi ningemwomba mikono yake. Iwe chini ya yangu. Yeye ahisi, mimi nisukume. Lakini nesi yuko ng'ambo ya udongo."

"Mbona mimi nahisi?"

Alikuwa Atuganile. Wote wawili walikuwa wamemsahau, kama watu wanavyomsahau mgonjwa anayezungumziwa.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mikono ninayo. Na tumbo ni langu, mama, namsikia ndani na nje. Weka yako juu ya yangu. Nikiona unazidisha nitakwambia. Akisogea nitakwambia." Alivuta pumzi. "Siogopi sana. Nilikuwa naogopa zaidi mlipokuwa mnanong'ona."

Gwakisa aliinamisha kichwa, japo hakuwapo wa kumwona.

"Umemsikia?" Mama Tusekile alisema. "Zima ngozi, baba. Na usinifiche kitu mpaka tumalize."

Gwakisa akakirudisha kidude sikioni. Ambakisye alikuwa katikati ya sentensi ndefu isiyofaa kurudiwa. Gwakisa alimngoja amalize.

"Wamechagua, Injinia. Nazima taarifa za ngozi. Misuli pekee ndiyo itatoa taarifa. Nishikilie mvuke."

Sauti ya maji. Kisha: "Nashikilia. Fanya."

Akagusa kioo, na alama ya kijani, iliyokuwa ikirudi nyuma tangu Atuganile alipoingia, ikasimama. Kisha ikaanza kusonga mbele.

*

Mwenye pazia mbele yake huona kwa masikio. Gwakisa aliijua kila hatua ya kazi ile kwa sauti.

"Huu uchungu upite kwanza. Pumua. Haya, umepita. Mikono yako iko wapi?"

"Mkono wangu wa kushoto uko juu ya kitu cha duara. Kigumu."

"Hicho ndicho kichwa. Wa kulia?"

"Pana zaidi. Laini."

"Makalio. Nasukuma sasa, yote miwili, kama mtu anayezungusha usukani. Sema."

"Kidogo. Ongeza kidogo. Bado. Ongeza... hapo! Hapo hapo, usizidishe."

"Anasogea?"

"Bado anakataa."

"Mngoje. Hawa hawalazimishwi, huombwa. Mwombe na wewe."

Atuganile akazungumza na mtoto wake kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, maneno ambayo Gwakisa aliyaelewa yote lakini akaona si yake kuyasikiliza. Akakaza macho kwenye kioo. Mabaki yalikuwa yanashuka vizuri. Mikono isiyohisi ilikuwa na taarifa chache za kutoa: kidole hiki kimekunjika, kifundo hiki kimegeuka. Kila raundi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

"Anasogea," Atuganile alisema ghafla. "Mama, anasogea! Kichwa kinateleza chini ya kiganja."

"Kifuate. Usikiache. Nguvu yangu ikoje?"

"Nzuri. Nzuri hivyo hivyo."

Mapigo ya moyo yalipungua mwendo. Mama Tusekile akaacha kusukuma, wakangoja wote, mapigo yakarudi, wakaendelea. Mtoto alikuwa amefika nusu ya safari, kichwa kikiwa nyongani, wakati Gwakisa alipoona mabaki yamebaki vijiko.

"Mama. Nimefika mwisho. Nikisema sasa, mikono itazimika kidogo, halafu itaamka Jumba la Juu. Itoe tumboni kwanza."

"Nikiitoa atarudi alikotoka."

"Nitamshika mimi," Atuganile alisema.

"Utaweza? Uchungu mwingine hauko mbali."

"Nitamshika."

"Haya. Usisukume. Mzuie tu asirudi." Kiti kikasogea. "Mikono iko hewani, baba. Sema neno lako."

"Injinia, uko tayari?"

"Zamani sana," Ambakisye alisema, na maji yalisikika karibu naye kuliko mwanzo.

"Sasa."

Akagusa. Kioo kikawa cheupe. Ilitakiwa kiwe cheupe kwa muda wa kope kushuka na kupanda. Kope za Gwakisa zilishuka na kupanda, zikashuka tena. Kioo kilikuwa bado cheupe. Mvua ilikuwa imeushika mkongo mahali fulani huko juu ya mlima na vijiko viwili vitatu vilikuwa njiani, havipo huku wala kule.

"Baba?" Mama Tusekile aliuliza kwa utulivu. "Mikono imekufa."

"Iko njiani, mama. Sijui kinachoichelewesha. Ni mkongo." Alikuwa ameahidi kutoficha. "Sioni chochote bado."

"Atuganile, mwanangu, nimekuwa mtu wa maneno tu sasa. Uko naye?"

"Niko naye." Meno yake yalikuwa yamekutana. "Uchungu unakuja."

"Uache uje. Legeza miguu, legeza uso. Mikono peke yake ndiyo inafanya kazi, mwili mwingine wote umelala. Yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anataka kurudi. Simruhusu. Simruhusu, mama."

Barazani Ipyana alikuwa ameanza kuomba kwa sauti. Gwakisa alijikuta amesimama, kishikwambi amekikumbatia kifuani kama kwamba joto la mwili lingekisaidia. Uchungu ulikuja, Atuganile akaguna kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa, lakini haikuwa sauti ya mtu anayeachia. Ukapita.

Na kioo kikawa kijani.

Kutoka Jumba la Juu, mahali ambapo mikono ile haikuwahi kufika, ikaja taarifa ya kwanza: kidole gumba kimekunjika. Kisha vidole vyote kumi. Gwakisa akafungua taarifa za ngozi, na Mama Tusekile akatoa sauti ndogo ya mtu aliyeingiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu.

"Ninasikia," alisema, na kiti kikasogea tena karibu na kitanda. "Jamani, ninasikia. Mikono yako ina baridi, Atuganile."

"Ni yangu kweli? Nilidhani ni yako."

Wanawake wawili wakacheka. Gwakisa akaketi.

"Zima, Injinia," alisema. "Hakuna aliyebaki ndani. Toka humo."

*

Kichwa kilishuka mahali pake kwa kusukumwa mara mbili tu zaidi. Mtoto alizaliwa alasiri, mvua ilipokuwa imechoka na wachuma chai wamerudi mashambani. Alikuwa wa kike, mwenye hasira kubwa na nywele nyingi. Ipyana alipoitwa ndani alisimama mlangoni na viatu vyake vya matope mkononi, asijue aviweke wapi, mpaka Mama Tusekile akamwambia avitupe nje amshike mwanawe.

Ambakisye alipiga simu kutoka Jumba la Juu, nguo zake zikiwa bado zimelowa.

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia."

"Mimi nisingemwambia." Alisikika akikamua shati. "Yule fundi cherehani ndiye anayenishonea mashati. Kila nikienda ananishukuru kwa kuitunza mikono yake. Nitampitia kesho." Akakohoa, akabadilisha sauti. "Haya, kazi. Jumba limeonyesha pengo. Kuanzia ulipozima ngozi mpaka ulipoiwasha, mikono haina taarifa yoyote ya kilichoguswa. Kanuni inataka tuweke makisio. Mashine itaandika yenyewe inavyodhani vidole vilihisi, ili kumbukumbu isiwe na tobo. Bonyeza tu ukubali."

Kioo kilikuwa kimekwishauliza. Gwakisa alikiangalia, kisha akainuka, akabisha kwenye ukingo wa pazia kama mtu anayebisha mlangoni.

"Pita," Mama Tusekile alisema. "Sasa unaweza kuchungulia."

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, mtoto akinyonya pembeni yake. Gwakisa alimweleza habari ya pengo.

"Kwa hiyo mashine itaniwekea nilichohisi, ambacho sikukihisi."

"Kwa kukisia, mama. Kutokana na watoto wengine uliowageuza. Haitakosea sana."

"Na nikikataa?"

"Mikono haitajua kwamba ilimgeuza huyu. Itamjua kuanzia katikati."

Mama Tusekile aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu. Hakuonekana mwenye huzuni. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kama angependa sukari.

"Acha pengo," alisema. "Hisia zile hazikuwa zangu. Mikono yangu iliazimwa macho ya mtu, sasa iandike kwamba iliona yenyewe?"

Gwakisa akabonyeza kukataa. Kioo kikauliza tena kama ana hakika, naye akabonyeza tena.

Atuganile alikuwa amewasikiliza wakati wote, kope nzito, kidole kimoja kikicheza na zile nywele nyingi.

"Mama," alisema, "ina maana hujui ilikuwaje?"

"Najua alikotoka na alikofika. Katikati sijui." Mama Tusekile alivuta shuka, akamfunika miguu, kisha akajisogeza karibu. "Nimewageuza wengi, mwanangu, sijui hata ni wangapi. Wote nimewahisi kwa nje. Hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuniambia kunakuwaje ndani, wala mimi sijawahi kuuliza. Niambie."

Atuganile alifikiri. Ipyana alisogea ili naye asikie, na Gwakisa, aliyekuwa ameanza kukunja waya zake, akaacha kuzikunja.

"Alikataa kwanza, nikahisi mgongo wake umekaza," alisema polepole. "Halafu akawa kama mtu anayegeuka usingizini, unajua, anapotafuta upande wa shuka wenye ubaridi. Hakusukumwa, mama. Aligeuka mwenyewe. Sisi tulimwonyesha tu."

Mama Tusekile alikuwa amefumba macho.

"Rudia hapo," alisema. "Pale alipotafuta ubaridi."